Kamueni Tu, Maziwa Yapo

Umeme ulipokatika, siku ya kwanza watu walisema utarudi jioni. Siku ya pili walisema kesho. Siku ya tatu hakuna aliyesema kitu. Kila mtu alitafuta mshumaa wake akanyamaza, maana ukimuuliza mkubwa habari za umeme anakutazama kana kwamba umemwomba mkewe. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua. Mpya ilikuwapo, watu waliiona kwa macho yao imelala kwenye uwanja wa shirika la umeme, imefunikwa turubai, ila ilikuwa inasubiri sahihi. Ndiyo hivyo. Chuma kizima, kizito kama tembo, kimelala chini kikisubiri mtu mmoja aamke vizuri ashike kalamu.

Nyumba moja tu mtaani ndiyo iliyokuwa inawaka. Ilikuwa ya Bwana Kimya, na Bwana Kimya alikuwa mtumishi wa shirika hilohilo la umeme, kitengo cha mita.

Jina la Kimya watu walimpa kwa ajili ya gari lake. Lilikuwa gari la umeme, halingurumi wala halitoi moshi. Linakuja nyuma yako kama paka wa jikoni, ukigeuka limekwisha kukufikia. Umeme ulipokatika alilirudisha nyuma mpaka kwenye ukuta unaotenganisha ua wake na ua wa Fundi Cheche, akachomeka waya kwenye gari, ncha ya pili akaiingiza ndani. Taa zikawaka. Friji likaanza kukoroma. Televisheni ikaanza kutoa taarifa ya habari ya watu wasiojua shida. Gari lililokuwa linalishwa na nyumba, sasa likawa linailisha nyumba. Likikaribia kuishiwa, mwenyewe alilipeleka kulinywesha ofisini, kwa kuwa ofisini kwao, kwa bahati ya ajabu sana, umeme haukuwa umekatika.

"Wanaotuzimia ndio wanaowaka," Fundi Cheche alisema, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Mpishi hafi njaa hata siku moja."

"Funga mdomo, povu linadondoka," alisema Bibi.

Bibi alikuwa mama mkwe wake. Binti yake, mke wa Cheche, alikwisha kufariki, lakini Bibi hakuondoka. Alisema hana pa kwenda, na Cheche alijua si kweli, na hakuna aliyeligusa neno hilo. Waliishi watatu: Cheche mwenye kazi ya kuchomelea mageti na madirisha, Bibi mwenye maneno, na Binti, mtoto pekee wa nyumba hiyo, ambaye ndiye hasa aliyekuwa anailisha.

Binti alitotolesha vifaranga. Mashine yake ilikuwa friji bovu la marehemu mama yake. Baba alilitoa matumbo, akaungaunga rafu za nondo nyembamba, akatoboa matundu ya hewa, na Binti akaweka balbu, feni ndogo na beseni la maji. Watu wa mtaani walimletea mayai yao, wakamlipa kwa kila kifaranga kinachotoka hai. Kilichokufa ndani ya gamba hakilipwi. Safari hii friji lilijaa mpaka rafu ya juu, na mayai yalikuwa yamebakiza siku chache tu, zile siku ambazo ukiyaweka sikioni unasikia mtu anakwaruza kwa ndani. Yakipoa sasa, ni kwamba umezika mtaa mzima. Nani angemletea yai tena?

Kwa hiyo tangu umeme ukatike Binti hakulala vizuri. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazipanga chini ya rafu, akazifunika kwa mablanketi, na kila zikipoa anaanza upya. Mkaa ulikuwa unakwisha. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuta bangi.

Ndipo kichwa cha Bwana Kimya kilipochomoza juu ya ukuta.

"Shikamoo, kaka."

Cheche alikohoa. Marahaba ilimkwama. Mtu anayelala kwenye mwanga akuamkie wewe uliyelala kwenye moshi wa kibatari, hiyo ni salamu au ni dhihaka?

"Hatujambo," alijibu, jibu lisilo na swali lake.

"Nasikia dada hapo ana mayai. Nirushe waya? Balbu na feni, havili kitu. Gari halitahisi hata kidogo."

"Sisi tuna maji ya moto," alisema Cheche.

"Rusha, baba mdogo!" Binti alipiga kelele kutoka ndani, na kabla baba yake hajafunga kinywa alikwisha kutoka na mikono juu, kama mtu anayedaka mtoto. Waya mrefu wa rangi ya machungwa ukaja hewani, ukatua mikononi mwake. "Mungu akubariki! Akuzidishie!"

"Kamueni tu," alisema Bwana Kimya, akilipigapiga gari lake mgongoni kama ng'ombe. "Kamueni, maziwa yapo."

Na Binti akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, koo wazi. Cheche alikuwa hajausikia mcheko huo tangu msiba. Siku zote hizo alijaribu kuutoa kwa mizaha, kwa zawadi za viatu, hata kwa kujifanya ameanguka kwenye ngazi. Leo umetolewa bure na mtu wa mita.

"Baba mdogo," alinong'ona peke yake. "Baba yangu alizaa watu watatu. Wote nawajua, na huyu hayumo."

* * *

Kuanzia hapo nyumba ya Cheche ilihama bila kubeba mzigo.

Bibi ndiye wa kwanza. Jioni alichukua kigoda chake, akasema anakwenda kumjulia hali mke wa Kimya, akarudi anajua mwisho wa tamthilia.

"Wana kochi," alisema, "ukikaa linakumeza."

"Si ulikwenda kumjulia hali?"

"Hajambo. Kochi pia halijambo."

Binti naye kila baada ya muda alikuwa ukutani. Mara simu ichajiwe, mara kumuuliza Bwana Kimya gari limebakiza nini, na Bwana Kimya anamweleza kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kumsikiliza siku nyingi. Hili si gari, dada, hili ni ghala la umeme lenye magurudumu. Alieleza hata pasipoulizwa. Kwa kweli mtu huyo alikuwa na kasoro moja: alipenda kutoa, na alipenda aonekane akitoa.

Cheche alikaa uani na mashine yake ya kuchomelea iliyonyamaza, mbele ya geti lililofika nusu. Kupitia dirisha, kwenye yale matundu ya hewa, aliona balbu ndani ya friji la mkewe inawaka, njano, tulivu. Angepaswa kushukuru. Badala yake aliuona ule mwanga kama mtu mgeni aliyeingia chumbani kwake akavua viatu.

Mwenye geti alikuja asubuhi. Alikuwa muuza nafaka, mfupi, mwenye haraka.

"Fundi, geti langu?"

"Umeme, bosi. Unaona mwenyewe hali."

"Naona." Muuza nafaka akautazama waya wa machungwa uliopita juu ya ukuta na kuingia dirishani. Akaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anasoma. "Naona kuku wana umeme. Fundi ndiye hana."

"Huo ni wa jirani."

"Basi mwambie jirani akuchomelee geti." Akacheka mwenyewe. "Sikiliza, mzee. Kesho nikikuta hivihivi nachukua chuma changu nampelekea mwenye jenereta. Na zile fedha za awali nilizokupa utazitapika."

Mke wa Kimya alikuwa anaanika nguo upande wa pili. Alisikia yote. Cheche alijua amesikia, kwa sababu aliacha kukung'uta shuka.

* * *

Mchana huo Binti alikwenda sokoni kutafuta chakula cha vifaranga. Bwana Kimya alikuwa kazini, gari la ofisi lilimpitia asubuhi, lake likabaki kulisha nyumba. Bibi alilala ndani, au alifumba macho, kwake ni kitu kimoja.

Cheche alisimama mbele ya ule waya. Kichwa cha waya kilikuwa na matundu matatu ya kuchomekea. Moja lilishikwa na friji. Mawili yalikuwa yamefunua macho yanamtazama.

Si alisema kamueni? Si alisema maziwa yapo? Basi kama yapo, yapo. Au yapo kwa mabinti wanaocheka tu? Kipande cha geti kilichobaki si kikubwa, nukta chache hapa, nukta chache pale. Na likipungua hilo gari, likalala njiani siku moja, mwenyewe akalisukuma kwa kifua akiwa na tai shingoni, kuna ubaya gani? Wangapi wamesukuma maisha yao kwa sababu ya shirika lake? Mawazo hayo yalimjia yote pamoja, na hakuyatenganisha lile la kazi na lile la husuda.

Akaivuta mashine ya kuchomelea. Akaichomeka. Akavaa miwani, akashika kishikio, akaigusisha ncha ya fimbo kwenye chuma.

Cheche iliruka moja, kubwa, nyeupe. Halafu pakawa kimya.

Upande wa pili wa ukuta friji liliacha kukoroma, televisheni ikakatwa katikati ya sentensi, na mke wa Kimya akasema, "Ala!"

Ukweli usemwe: kitu cha kwanza alichokisikia Fundi Cheche moyoni ni utamu. Nyumba ile ilikuwa giza. Ilikuwa nyumba kama nyingine. Alisimama na miwani usoni, akatabasamu peke yake uani, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha akageuka dirishani. Balbu ndani ya friji la mkewe ilikuwa imezimika.

Alichomoa mashine yake upesi, akangoja. Balbu haikuwaka. Akautikisa waya. Akauchomoa, akauchomeka. Wapi. Akaenda ukutani, sauti akaifanya ya mtu aliyepita tu.

"Shemeji! Habari za hapo?"

"Kumezimika, shemeji! Ghafla tu! Na nyie?"

"Na sisi. Si uliwashe gari?"

"Nitaliwashaje? Funguo kaondoka nazo mwenye gari. Ngoja nimpigie." Akampigia, akarudi. "Anasema gari lenyewe limejifunga, mpaka alifungue yeye. Anatafuta namna ya kuja. Eti kuna kitu kimechomekwa?"

"Kitu gani?" alisema Cheche. "Hapa kuna mayai tu."

Neno likatoka, likakaa ukutani kati yao, halirudi tena.

Aliisukuma mashine ya kuchomelea mpaka nyuma ya choo, akaifunika gunia. Akawasha jiko kwa mkaa wa mwisho, akachemsha maji, akapanga chupa, akazifunika kwa mablanketi yote ya nyumba. Alifanya kazi kama mtu anayezima moto, na jasho lilimtoka kwa aliyoyajua, wala si kwa joto la jiko.

* * *

Binti aliporudi alijua kabla hajafika ndani. Alitupa mfuko wa chakula mlangoni.

"Nani amezima?"

"Kumezimika kwake," alisema Cheche.

"Kumezimika vipi? Gari lilikuwa limejaa, kaniambia asubuhi mwenyewe!" Alitia mkono ndani ya friji, akatoa yai moja, akaliweka kwenye shavu. "Yanapoa. Baba, yanapoa! Leo, wakati yameanza kudonoa! Kwa nini atufanyie hivi? Kama alichoka si angesema?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na nafasi pana, gari la taka lingepita.

"Mimi nilikwambia," alisema Cheche. "Watu wa shirika lile, kuzima ndiyo kazi yao. Wanakupa ili siku wakikunyang'anya uone."

"Na mimi namwita baba mdogo!"

"Wewe ulikuwa mtoto mwema tu. Umedanganywa."

Binti alimwegemea begani akalia, na Cheche akamshika kichwa. Siku nyingi hajamshika kichwa. Nywele zilinukia mkaa. Alikuwa amerudi, mtoto wake, mzima mzima, hakubaki hata unyoya kwa jirani. Alichokuwa anakitaka alikipata, kipo mikononi, kinalia.

Bibi alitokea mlangoni, kanga begani. Akanusa kushoto. Akanusa kulia.

"Macho yangu mabovu," alisema, "na masikio ndiyo hivyo. Ila pua Mungu aliniachia. Nani kachoma chuma?"

"Ni mkaa huo, mama," alisema Cheche.

"Mkaa." Bibi alimtazama mkwewe muda mrefu. "Haya. Mkaa wa siku hizi una madini."

* * *

Bwana Kimya alifika kwa miguu. Gari la ofisi halikupatikana, kwa hiyo alitembea, na sehemu nyingine alikimbia, maana shati lilikuwa limemganda mgongoni na tai ameitia mfukoni. Alifungua gari, akabonyeza kitu ndani, na taa zikawaka kwake, na balbu ikawaka ndani ya friji kwa Cheche. Halafu akaja kwa mlango wa mbele, kama mgeni.

Binti alimsubiri amesimama, waya wa machungwa mkononi, amekwisha kuuchomoa na kuuzungushazungusha.

"Chukua waya wako."

"Dada, nisamehe, kwa kweli sijui—"

"Hujui nini? Mayai ya watu haya! Kuna mwanamke hapa nyuma kaniletea mayai yake yote, hakubakiza hata la kukaanga. Nikamwambie nini? Jirani alinipa umeme akaghairi? Ungeniacha na chupa zangu! Nilikuwa na chupa zangu, nilikuwa nimezoea!"

Angekuwa mtu mwingine angejitetea. Bwana Kimya alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Una haki," alisema. "Nililisifu mno gari hili. Nimelitegemea kama mtu mzima, kumbe kitoto. Kesho asubuhi nalirudisha kwa walioniuzia walifungue waone lina ugonjwa gani. Siwezi kuziweka roho za watu kwenye kitu nisichokielewa." Akanyoosha mkono kuupokea waya. "Wanaweza kukaa nalo wiki. Pole sana, dada. Kaka, pole."

Kaka. Cheche alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Bibi. Alisikia neno *wiki* likipita kichwani kama msumari. Mkaa umekwisha. Maji hayatachemka. Ndani ya friji, kwenye rafu ya nondo alizoziungaunga mwenyewe wakati mkewe anamshikia taa, kitu kililia. Mlio mdogo, mwembamba, kutoka ndani ya gamba. Wote wanne waliusikia.

Binti akaanza kumkabidhi waya.

"Usimpe," alisema Cheche.

"Baba, niache."

"Usimpe. Gari halina ugonjwa." Alisimama. Hakujua aitie wapi mikono yake. "Ugonjwa ni mimi. Niliweka mashine ya kuchomelea."

Bibi alishusha pumzi, polepole, kama mtu anayetua ndoo.

"Wapi?" aliuliza Bwana Kimya, hajaelewa.

"Kwenye waya wako. Hapo na mayai. Nilitaka kumaliza geti." Angeweza kuishia hapo, ingetosha, geti ni kazi na kazi ni heshima. "Na si geti tu. Nilitaka nikukamue mpaka ukauke."

Uso wa Bwana Kimya ulipita kwenye hasira, ukakaa hapo kidogo, ukaendelea na safari.

"Kaka," alisema, "ungeniambia tu. Ile mashine gari haliwezi kuiendesha, lakini tungetafuta njia. Ungeniambia tu."

Afadhali angetukana. Tusi Cheche angelijua pa kuliweka.

Binti hakumtazama baba yake. Aliufungua waya, akalichomeka tena friji, akasimama nalo, kiganja juu ya mlango wake, kama anapima homa. Halafu akazungumza na Bwana Kimya.

"Kwako sebuleni pana nafasi?"

"Ipo."

"Nataka likae huko mpaka yatoke. Mahali ambapo naona waya wote, mwanzo na mwisho."

"Binti," alisema Cheche. "Friji la mama yako."

"Najua la nani. Shika upande huo."

Lilikuwa zito kwa sababu ya zile nondo, na halikutakiwa kutikiswa. Cheche alishika chini upande mmoja, Bwana Kimya upande wa pili, Binti akitembea pembeni na mikono yote miwili mlangoni, Bibi mbele akifukuza kuku na watoto wa watu. Walipita mtaani mchana kweupe. Muuza nafaka alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka lake, akaacha kutafuna.

"Fundi! Unahama?"

"Nyanyua kidogo, kaka," alisema Bwana Kimya kwa sauti ya chini. "Kuna ngazi nyuma yako."

Cheche aliingia nyumba ile kwa mara ya kwanza akienda kinyumenyume, mgongo mbele.

Waliliweka ukutani, pembeni ya televisheni. Binti alichomeka. Balbu ikawaka, feni ikazunguka. Aliketi sakafuni mbele yake, akafungua mlango upana wa kidole, akasikiliza. Wengine walisubiri. Kisha akainua kichwa, uso haujacheka, lakini umelegea.

"Wapo," alisema. "Si wote. Ila wapo."

Cheche alirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Binti, bado anatazama mayai.

"Nyumbani."

"Kuna nini nyumbani? Kaa hapo. Na usiguse kitu."

Alikaa. Kochi lilimmeza kama Bibi alivyosema, magoti yakamjia karibu na kidevu, na mikono akaibana katikati ya mapaja, mahali ambapo isingeweza kufanya jambo. Juu yake palikuwa na taa mbili. Moja ingetosha. Alitafuta uso wa mtu anayemcheka, asiuone, na hilo nalo likamuuma. Bwana Kimya alikuwa amechuchumaa karibu na Binti anaoneshwa tundu la kwanza kwenye gamba, wanaongea kwa kunong'ona kama watu walio chumba cha mgonjwa.

Mke wa Kimya alikuja na bilauri ya maji kutoka kwenye friji, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji."

Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakauma. Siku nyingi hajanywa maji ya baridi. Aliyanywa yote kwa mkupuo, na wivu ukashuka nayo kooni, funda kwa funda, haukubaki nyuma hata kidogo. Akaishikilia bilauri tupu, akaitazama.

Kisha akaomba mengine.